Uyoga Uliokuwa Kwenye Mizabibu ya Mzee Yona

Wanangu mnaoanza kazi ya kuvu, nina ombi kabla ya yote. Mkikuta uyoga umeota kwenye mti, msiupige picha mgongoni mkanitumia mimi. Simu yangu imejaa migongo. Mgongo wa uyoga wa miti ni sawa na mgongo wa mtu aliyekutangulia kwenye foleni ya benki: unamfananisha na shemeji yako, unamshika bega kwa furaha, anageuka, kumbe hamjuani. Inameni. Pigeni magoti kama ni lazima, mchafue suruali, mtazame upande wa chini, maana sura iko huko.

Siuzungumzii uyoga wa kupika na karanga. Huu wetu ni mgumu, unaota ubavuni mwa mti kama rafu ndogo, na kwetu Kolo watoto tulikuwa tukiuita masikio ya mti. Ukiugeuza unaona vitundu, vingi na vidogo sana, vimebanana. Kila kitundu ni mdomo wa mrija, na ndani ya mrija zinatengenezwa spora, yaani mbegu zake, laini kuliko unga wa ngano. Mara ya kwanza kuviona vitundu hivyo kwa lenzi nilisahau kupumua. Nimestaafu sasa, na bado nikiviona nasahau.

Watu huniuliza, Dodoma na ukame huu, uyoga wa wapi? Nami huwajibu kwamba Dodoma ina miti, na mti ukifa lazima pawe na wa kuula. Ukame hauwazuii, unawafanya wavumilivu tu. Wanakaa ndani ya gogo wamenyamaza, mvua ikipiga kidogo wanatoa kichwa, na wewe ukipita na haraka zako huwaoni. Mimi naishi Ihumwa siku hizi na sipiti na haraka. Kwenye misiba wenzangu wakikaa mkekani, mimi nachuchumaa mbele ya rundo la kuni. Wanasema, "Mwacheni Mama Salama, anakagua." Kuna harusi moja nilichomoa gogo chini ya sufuria ya pilau kwa sababu ubavuni lilikuwa na kitu cha rangi ya chungwa ambacho sijawahi kukiona tena. Mpishi alinifukuza na mwiko hadi barabarani. Pilau lilichelewa, lakini lile gogo liko kwenye sanduku mpaka leo, na bado naona nilifanya sawa.

Aliyenifundisha ni Mzee Mhando. Alikuwa mtu wa Lushoto, amezoea misitu yenye ukungu na maji yanayotiririka, na alipohamishiwa kituo chetu cha utafiti hapa Dodoma alidhani ameadhibiwa. Hakumaliza msimu mmoja wa mvua kabla ya kubadili mawazo. Alikuwa mkali kwa jambo moja: ukimletea uyoga bila kipande cha mti ulipoota, alikurudishia. "Umeniletea mgeni," alikuwa akisema, "hujaniambia alifikia nyumba gani." Basi tulijifunza. Unakata uyoga pamoja na mti wake. Unauliza wenyeji mti huo wanauitaje. Unaangalia kuni zenyewe zimeozaje, maana uyoga mmoja huacha mti mweupe na laini kama pamba iliyolowa, mwingine huuacha mwekundu unaokatikakatika vipande vya mraba. Unafunga kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki kwa jua letu utafika ofisini na uji.

Kisha kuna potashi. Hii naipenda kuliko zote. Unachukua uyoga wa kahawia, unaukata kwa kisu, nyama yake ya ndani ina rangi ya kutu. Unadondosha tone moja la dawa ya potashi. Kama ni wa ile familia ya kahawia, palepale inageuka nyeusi tititi mbele ya macho yako. Nimeonyesha jambo hili kwa wanafunzi, madereva, na mchungaji mmoja aliyekuja kuuliza njia, na sijapata mtu aliyetazama mara moja akaridhika. Wote wanasema, rudia.

Makosa? Tulifanya mengi, na mengine yalikuwa ya kwetu tu, ya watu wa Dodoma. Mahali pengine wanahangaika kukausha sampuli kwa majiko ya umeme. Sisi tulikuwa na jua la bure, tukasema tuzianike juu ya bati. Nikazipanga vizuri, kila moja na karatasi yake ya maelezo chini, nikaenda kunywa chai. Mlioishi hapa mnaujua upepo wa miezi ya kiangazi. Niliporudi sampuli ziko palepale kwa uzito wake, karatasi zote ziko njiani kuelekea Singida. Nikaanza kumwambia Mzee Mhando kwamba nakumbuka kila moja ilitoka wapi. Akazikusanya zote kwenye ndoo. "Sampuli isiyo na kwao ni kuni," akasema, na jioni ile tukazichemshia chai. Ilinuka moshi mchungu, na tuliinywa yote huku anacheka mpaka machozi.

Somo kubwa kuliko yote lilitokana na ugomvi. Nilikuwa na masanduku mawili. Kwenye moja kulikuwa na uyoga uliotoka kwenye mgunga uliosimama, mnene, umbo la kwato. Kwenye jingine kulikuwa na uyoga uliotoka kwenye mgunga ulioanguka, umepinda, umekunjamana, una mabega mawili. Nikaupa kila mmoja jina lake, na mwenzangu mmoja aliposema ni kitu kimoja tulinuniana. Mzee Mhando hakutuamua. Alitupakia kwenye gari, akatupeleka porini kwenye mgunga uliong'olewa na upepo. Pale ubavuni uyoga ulikuwa hai. Sehemu yake ya zamani, iliyoota mti ukiwa umesimama, vitundu vyake sasa vilitazama pembeni. Sehemu mpya, iliyoota baada ya mti kulala, ilikuwa imejigeuza, vitundu vyake vikitazama chini.

"Kwa nini?" akatuuliza.

Nikaelewa, nikapiga kelele. Spora zinadondoka wima ndani ya mrija. Mrija ukipinda zinanasa ukutani hazitoki. Kwa hiyo uyoga huu hauna hiari. Vitundu vyake lazima vitazame ardhi, na ukiuangusha na mti wake utajenga tabaka jipya linalotazama ardhi. Nilifurahi hata sikukumbuka kwamba nilikuwa nimeshindwa ugomvi. Mwenzangu ndiye aliyenikumbusha, tena njia nzima.

Siku hizi mna vinasaba. Mnakata punje, mnaituma maabara, herufi zinarudi kwenye kompyuta. Wengine mnadhani sisi wazee tunasikitika, kwa kuwa nusu ya majina tuliyoyakariri yamebadilika. Kwenye rafu zangu wa kahawia karibu wote walikuwa wameandikwa Phellinus, ikapita miaka wakagawanywa, wakahamishwa, wakapewa koo nyingine. Mimi niliona raha kila lebo iliponitoka mkononi na kuandikwa upya. Tulikuwa tunajua kwamba hawa si ndugu, tulikuwa hatuna njia ya kuthibitisha. Ila vinasaba havitakuambia uyoga ulitazama wapi mtini. Hilo ni la macho yako, na bila hilo shamba la Mama Yoeli lingekuwa majivu.

Alikuja kituoni katika mwaka wangu wa mwisho kazini. Mwanamke mrefu, mjane, mkulima wa zabibu kutoka Makutupora, ameshika kifurushi cha khanga.

"Wewe ndiye mama wa uyoga?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae, mama."

Hakukaa. Alifungua khanga, ndani kuna uyoga wa kahawia, mgumu, mgongo umepasukapasuka. "Nimeambiwa hiki ndicho kinaua mizabibu yangu. Nimeambiwa ning'oe shamba lote nichome kabla ya mwezi kwisha. Sawa, nitang'oa. Lakini nataka nijue kinaitwaje kwanza."

Shamba hilo lilianzishwa na mumewe, Mzee Yona. Mstari wa kwanza aliupanda kwa mikono yake mwaka waliooana, na shamba ndilo lililomlisha Mama Yoeli na watoto tangu mzee afariki. Mzabibu si mahindi. Uking'oa leo, unapanda upya na kusubiri misimu kadhaa kabla hujauza chochote, na yeye hakuwa na cha kusubiria. Hayo hakuyasema kwa kulia. Aliyasema kama mtu anayesoma bei sokoni, nikajua hapo kwamba hajalala siku nyingi.

"Umekitoa wapi?" nikamuuliza. "Kwenye mzabibu wenyewe?"

"Kwenye nguzo. Nguzo nyingi zinavyo."

Kesho yake tulikuwa Makutupora. Afisa wa kilimo wa eneo lile aliyeagiza shamba ling'olewe, kijana anaitwa Festo, alikuwa ametutangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu niambie umeonaje."

Akanionyesha. Majani ya mizabibu kadhaa yalikuwa na michirizi ya njano na kingo zilizokauka, na mwaka huo zabibu zake zilinyauka kabla ya kuiva. Nguzo zilikuwa na uyoga wa kahawia. Alikuwa amesoma kwamba kuna uyoga wa kahawia unaoua mizabibu kutoka ndani, akaunganisha. "Mama, shamba la jirani ni pale," akasema. "Nikingoja, ukaingia na kule, watu wale nitawaambia nini?" Hakuwa na kiburi wala ubaya. Aliogopa, na aliogopa jambo la kweli.

Nikapiga magoti kwenye nguzo ya kwanza, nikachungulia chini ya uyoga. Nikaona mgongo. Nikasimama nikatazama juu yake. Nikaona vitundu. Nikaenda nguzo ya pili, ya tatu, nikaanza kukimbia, mwanamke wa umri wangu, nikiinama na kuinuka katikati ya mizabibu, Mama Yoeli na Festo wananitazama kama nimepandwa na kitu. Kila uyoga ulitazama mawingu.

"Nguzo hizi ni mti gani?" nikauliza.

"Mgunga," Mama Yoeli akajibu. "Yona alizikata porini."

"Na alizichimbia upande upi chini?"

Akafikiri. "Upande mwembamba. Alisema unaingia vizuri."

Mnaona? Uyoga uliota mgunga ukiwa bado umesimama porini, vitundu vinatazama ardhi inavyotakiwa. Mzee Yona akakata, akapindua, akachimbia ncha chini na shina juu, uyoga ukabaki miguu juu kichwa chini. Kama ungekuwa hai humu shambani, kwa miaka yote hiyo ungekuwa umejenga tabaka jipya linalotazama chini. Hakukuwa na hata moja. Ulikufa kabla hata mizabibu haijashika waya. Nilimweleza Festo, akapiga magoti mwenyewe, akachungulia, akarudi kuchungulia tena. "Kwa hiyo huu haujawahi kula kitu humu," akasema polepole.

"Kwa hiyo sing'oi?" akauliza Mama Yoeli.

Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye neno hapana, hung'oi. Lakini majani yale ya michirizi hayakusababishwa na maiti ya uyoga. Nikamwambia ukweli, kwamba tumemtoa mshukiwa mmoja, na kwamba kama yupo mwingine lazima tumtafute. Tukaanza kupita mstari kwa mstari. Mizabibu michanga ilikuwa safi. Tulipofika mstari wa zamani kabisa, ule wa mwaka wa ndoa, mashina ni mazito na yamejaa makovu ya kupogolea, nikalala chali kwenye udongo chini ya shina la kwanza.

Ulikuwa pale. Haukuwa rafu. Ulikuwa utando wa kahawia ulioshikamana na gamba, mwembamba, umejificha chini ya bega la shina mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kuuona. Vitundu vilitazama chini, vibichi, ukingo wake una rangi ya asali, na vumbi la spora limetua kwenye jani lililo chini yake. Uyoga hai, wenye spora, juu ya mzabibu, katika nchi yetu, na sijawahi kuugusa maishani. "Tumempata," nikasema, nikatoka chini nimejaa udongo mpaka kwenye meno, nacheka.

Mama Yoeli alikuwa ameshika shina lile kwa mikono miwili.

"Umefurahi," akasema.

Nikaona haya sana. Nikapangusa uso. "Nimefurahi kwa sababu nikimjua ni nani nitajua amefika wapi," nikamwambia. "Nipe nafasi nimtazame." Nikamgeukia Festo, naye akasema atangoja majibu yangu, mradi nisikawie.

Sikukawia. Dereva hakuwa amezima gari vizuri nami niko mezani. Potashi kwanza: nyeusi. Hilo halikutosha, kwa kuwa na ule wa mgunga ulikuwa mweusi vilevile, ni familia moja. Hadubini sasa. Spora za ule wa mgunga zilikuwa na rangi yake zenyewe, njano ya kahawia. Spora za huu zilikuwa za mviringo, zenye ukuta mnene, na hazina rangi kabisa, kama matone ya maji. Nikadondosha dawa yenye iodini pembeni ya kioo, nikatazama inavyosambaa taratibu, na zilipofikiwa zikaanza kugeuka, moja, nyingine, kisha zote, wekundu wa tofali. Nilimwita kila mtu aliyekuwa kwenye jengo. Mhasibu alikuja. Akatazama, akasema ni nzuri, akauliza maana yake nini.

Maana yake ni Fomitiporia, ukoo mmoja ndani ya ile familia ya kahawia. Na jina hilo, wanangu, si pambo la lebo. Ukishalijua unajua na tabia. Huyu huingia kwa jeraha la kupogolea, huishi ndani ya kiini cha shina la zamani, hula polepole mno, na kwa kawaida mizizi ndiyo huifikia mwisho. Hakuna sababu ya kung'oa shamba. Unakata shina chini ya mahali alipofika, unachoma ulichokata, na kisiki kikiwa safi kinachipua upya kwa mizizi yake ileile ya zamani. Nilimpigia Festo kabla sijanawa mikono. Akasema, "Nakuja na msumeno."

Alikuja nao, na ndiye aliyekata kwa nguvu kuliko sisi sote. Kila shina tulitazama uso wa mkato: katikati kahawia, laini, pembeni mti wa kawaida. Tukakata chini zaidi. Tena chini zaidi, mpaka uso wote ukatoka mweupe, hapo tukapaka rangi kufunga kidonda na kusogea mbele. Ugonjwa ulikuwa kwenye mstari wa Mzee Yona na kipande cha mstari wa pili basi. Shamba lililobaki halikuguswa. Shina la kwanza tuliliacha mwisho, na Mama Yoeli alitaka kulikata yeye. Alikata mpaka usawa wa udongo na bado kahawia ilikuwepo. Akapaka rangi kama alivyopaka mengine.

Maabara ya vinasaba ilikubali ukoo, Fomitiporia bila shaka, lakini jina la pili, lile la spishi, halikupatikana. Herufi zake hazikulingana na yeyote anayejulikana. Mnaelewa nilivyojisikia? Miaka yote ile, na unastaafu ukiwa na kitu mkononi ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiita. Nilicheza ofisini peke yangu, mlango wazi.

Baada ya mvua, nikiwa nimeshahamia Ihumwa, simu ikalia.

"Imechipua," Mama Yoeli akasema bila salamu.

"Yote?"

"Yote, ila ule wa kwanza."

Nikampa pole. Yeye alikuwa ameshapita hapo. "Kile kitu," akasema, "mmeshakipa jina?"

"Jina la pili bado. Vijana ndio wanaandika. Labda watakiita kwa jina la mahali."

"Kipeni jina la Yona."

"Mama Yoeli, kile ndicho kilichoua mzabibu wake."

"Kiliua mmoja. Ungekuwa hujalala chini ya huo mmoja, ningekuwa nimechoma yote." Kisha akaniambia ana wageni, akakata simu.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika makala ya spishi hiyo sasa hivi, mkifika kwenye aya ya kueleza jina limetoka wapi, msinitaje mimi. Andikeni kwamba Yona alikuwa mkulima wa Makutupora aliyeupanda mzabibu ambako uyoga huu ulipatikana kwa mara ya kwanza, na kwamba aliyeomba jina lake litumike ni mkewe.